Jambia la Mzee Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika makumbusho madogo ya Shinyanga mjini, Mtunza Ghala alinipa kisu chenye kutu na kitambaa safi. Nikaanza kusugua. Akanichapa mkono.

"Nani kakuambia usugue? Hicho kitambaa ni cha kushikia. Tazama kwanza!"

Mungu amrehemu, alinifundisha kupima hali ya silaha za kale. Unaanza na ala, yaani mfuko wa kisu: mshono umeachia? Ngozi imekauka? Kisha unautikisa mpini polepole, usikie kama unacheza. Bapa unaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Kutu nyekundu inayoacha vumbi kidoleni ni kutu hai, bado inakula. Weusi uliotulia ni ngozi ya chuma, hauguswi. Mwisho unatafuta maandishi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayosema kitu kilikuwa cha nani.

Nilitumikia wakuu kadhaa, wengi wao watu wa heri. Wa mwisho, Mkuu wa Kituo, ndiye aliyenifikisha kwenye hasira hii.

Mzee Masanja wa Didia alituletea jambia la afisa wa Kijerumani. Babu yake, Masanja wa kwanza, alilazimishwa kumbebea afisa huyo mizigo wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Afisa alikufa kwa homa njiani, babu akamzika, akarudi na jambia. Tangu hapo majirani wakauita ukoo wake ukoo wa wezi wa mali za maiti. Hata posa zilikataliwa.

Nililipima. Familia ilikuwa ikilipaka samli kila ilipomkumbuka babu, na samli ililihifadhi vizuri ajabu. Karibu na mpini, nilipoliinamisha, zikaonekana herufi zilizokwaruzwa kwa ncha ya kitu: jina la afisa, na chini yake, kwa Kiswahili, "Amempa Masanja".

Mzee hakujua kusoma. Nilipomsomea akacheka huku machozi yakimtoka. "Mwanangu, waje wote waone!"

Nikaomba lipigwe picha na mtaalamu, maana kwa simu herufi hazikutokea. Mkuu akasema, "Baada ya wageni tunaowatarajia kuondoka. Na jeusi hivi nitawaonyeshaje?"

"Mkuu, weusi huo ndio umri wake."

"Umri gani? Uchafu! Wewe ukiachiwa utatujazia hata tope la Didia humu."

Nilipokwenda likizo, alilipeleka Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa rafiki yake, mnunuzi wa dhahabu. Huko hutumbukiza kipande katika tindikali: dhahabu hubaki, kingine chochote huliwa. Niliporudi, jambia lilikuwa liking'aa kama kijiko kipya. Herufi hazikuwapo. Bapa lilikuwa na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui.

"Kama tindikali inasafisha dhahabu, itashindwa na chuma?" Mkuu alisema, tena kwa fahari. "Andika: hali nzuri sana."

Niliandika: hali mbaya, maandishi yameliwa na tindikali jambia likiwa chini ya kituo chetu. Akaniita mkaidi. Nikamwambia, "Mkuu, nimekula kiapo cha kazi mbele ya Mungu, siyo mbele ya wageni wako."

Mzee Masanja alipokuja, alilinusa jambia, harufu ya samli haikuwapo tena, akanitazama. "Babu yangu mmempeleka wapi?"

Nilikwenda naye Didia. Baada ya sala ya jumuiya nilisimama nikaeleza nilichosoma. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja akauliza, "Shikamoo, baba. Hayo maandishi tuyaone?" Wengine wakaangua kicheko. Mzee akainamisha kichwa.

Sasa nimestaafu. Namshukuru Mungu kwa macho ambayo bado yanaona na kwa mkate wa kila siku. Makosa yangu mengi nimeyaungama, ila hasira hii sijaiungama, kwani kila nikiipima siioni kuwa dhambi. Jambia bado liko katika kabati la kioo, na wageni hulisifu kwa kung'aa.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, nashuhudia kwenu mbele za Mungu: lilisomeka "Amempa Masanja". Babu yule hakuiba.