Siku Niliyomkana Karati Mbele ya Wakwe

Kuna aibu mtu anaweza kukaa nazo kimya mpaka kaburini, lakini hii yangu hata nikinyamaza mtaa wetu wa Nyasubi mzima utaisimulia bila mimi, tena kwa chumvi nyingi, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, mcheke mkiwa na maelezo yaliyo sahihi.

Mimi nilifundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu, na sasa nina nyumba hapa Kahama yenye vyumba vinne vya kupangisha uani. Mpangaji mpya akija namkalisha kwenye kiti, namsomea masharti ya nyumba niliyoyabandika ukutani karibu na bomba, kisha namweleza sababu ya kila sharti polepole mpaka aelewe (mke wangu, Mama Neema, husema wapangaji wangu huhamia wakiwa wameshachoka). Sharti la saba linasema mbwa haruhusiwi.

Sasa, chumba cha mwisho anakaa Masanja, mchimbaji mdogo wa dhahabu, kijana mwenye adabu ambaye hushinda Nyarugusu kwenye maduara, yale mashimo yao, na hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Siku moja akarudi na kiroba, na ndani ya kiroba mlikuwa na mtoto wa mbwa aliyemwita Karati.

"Shikamoo Mwalimu. Huyu nikimwacha kule atadumbukia shimoni."

"Marahaba. Sharti la saba linasemaje?"

"Linakataza, Mwalimu. Lakini lile koti lako la suti, si liliibwa kwenye kamba wiki iliyopita?"

Hapo akanigusa penye kidonda. Nikafikiri, nikajikuna kidevu, kisha nikafanya uamuzi mdogo ambao ndio chanzo cha yote: nilimwambia, "Mimi sijamwona." Yaani mbwa abaki, na sharti libaki ukutani. Usiku ule nilimweleza Mama Neema uzuri wa mpango huo, kwamba mwizi akija mbwa atabweka nami nitafaidika, ila siku mbwa akimng'ata mtu nitaonyesha sharti la saba, na lawama zitakwenda kwa Masanja.

"Kwa hiyo maziwa yako, mateke ya Masanja," alisema Mama Neema, akageukia ukutani akalala.

Karati akakua, akawa jibwa la kifua kipana, na kwa kuwa Masanja alikuwa hayupo mara nyingi, chakula kilikuwa juu yangu, lakini niliendelea kusema sijamwona.

Ikafika Jumamosi ambayo wageni walikuwa wanakuja kutoka Kambarage, Shinyanga mjini, kumposa binti yetu Neema. Tangu alfajiri nyumba ilinukia pilau. Mama Neema akapita mbio na sufuria mkononi.

"Baba Neema, mfunge Karati."

"Nikimfunga mimi, nitakuwa nimekubali kwamba ni wangu. Ukiliangalia jambo hili kisheria..."

"Kisheria nini? Mfunge!"

"Mbwa ni wa Masanja. Atafungwa na Masanja."

(Masanja wakati huo alikuwa chini ya ardhi, Nyarugusu.)

Saa nne tukasikia hodi. Aliyetangulia alikuwa mshenga wao, Mzee Luhende, mtu mrefu sana, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka inakata, na mwavuli mweusi umebanwa kwapani. Nyuma yake alikuwa shangazi wa kijana mwenye posa, mama mnene mwenye mkoba, na wajomba wawili. Mzee Luhende akainama kupita kwenye mlango mdogo wa geti, akatusalimu Kisukuma kwa sauti nzuri, "Mwangaluka!", na alipoinuka akaunyoosha ule mwavuli mbele yake kama wazee wanavyofanya wakisalimia. Karati alizaliwa kiangazi na hakuwa amewahi kuona mwavuli, yeye aliona fimbo. Alikuja kama jiwe la manati, mzee akageuka ili atoke alikoingilia, mlango ukawa mdogo, wajomba wameuziba, na nikasikia kitambaa kikichanika, sauti ndefu isiyokwisha haraka.

Ngozi haikuguswa, nashukuru Mungu. Ila suruali ilifunguka kutoka kwenye mkanda mpaka nyuma ya goti, na ndani yake mzee alikuwa amevaa kaptura ya maua ya njano, ambayo wapangaji wote walipata nafasi ya kuiona kwa sababu wote walikuwa wametoka kuwapokea wageni.

Tukamwingiza sebuleni, Mama Neema akamfunga kitenge chake chenye picha za tausi, na suruali ikapelekwa mbio kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Mzee Luhende akakaa, akakunja miguu ndani ya tausi, akauliza kwa upole kabisa:

"Mwalimu, mbwa huyu ni wa nani?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa fupi, la kuomba msamaha tu. Mimi nikasema, "Ni wa mpangaji. Mimi hata simfahamu vizuri." Kisha, kwa ugonjwa wangu wa kueleza, nikaanza. Nikaeleza kwamba anayemfuga mnyama ndiye wa kwanza kuwajibika. Nikaeleza kazi ya masharti ya nyumba. Nikamtuma Neema abandue karatasi ukutani ailete, nikawaonyesha kwa kidole lile la saba. Wajomba walikuwa wanatazama pilau.

"Kwa hiyo mwenye nyumba hahusiki kamwe?" aliuliza Mzee Luhende.

Sasa mwalimu hawezi kumwachia mtu jibu nusu. "Hapana, mzee wangu, anaweza kuhusika. Kama alijua mbwa yupo, akamwacha, akawa anafaidika na ulinzi wake, hapo hawezi kuruka."

"Ahaa. Na wewe hukujua?"

"Nilikuwa nasikia sikia tu," nilisema, na ili nifunge somo upesi nikauliza, kama nilivyouliza maisha yangu yote, "Kuna mwenye swali?"

Karati, ambaye alikuwa ameingia akalala juu ya viatu vyangu bila mimi kumjali, akaketi wima, akainua mguu wa mbele juu kabisa, akautuliza hapo.

Inabidi niwaeleze. Kila jioni, kabla sijamwekea ugali na mifupa, nilikuwa namkalisha na kumuuliza swali hilo hilo, na asipoinua mguu hali. Sikuwa na nia mbaya. Mtu ukistaafu unakosa darasa.

"Mwalimu," alisema Mzee Luhende, "mwanafunzi wako ana swali."

Wajomba wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikasema mbwa wengi wa Nyasubi huinua miguu hivyo, ni kwa sababu ya viroboto. Shangazi hakucheka.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja. Amechanjwa?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na Neema, mwanangu maskini, akitaka kuokoa posa yake, akakimbia chumbani akarudi na kadi ya chanjo. Shangazi hakuwa na miwani, akampa Mzee Luhende, naye akaisoma kwa sauti ile ile nzuri ya kusalimia:

"Jina la mbwa, Karati. Jina la mwenye mbwa, Mwalimu Shija."

Ni mimi niliyempeleka, kwa sababu Masanja hakuwepo, na bwana mifugo aliponiuliza aandike nani nilimtajia jina langu ili foleni isonge.

Shangazi akachukua mkoba wake, akasimama.

"Jamani, tuelewane. Mtu akimkana mbwa wake kwa ajili ya suruali tu, siku ndoa ikipata misukosuko si atatuambia Neema naye ni mpangaji?"

Nikamtazama Neema. Alikuwa amesimama mlangoni, vidole vilivyoshika kadi bado vimekunjwa hewani, na machozi yameshafika kwenye kope. Nikasimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikazungumza bila utangulizi.

"Mbwa nilimkubali mimi. Namlisha mimi. Leo niliambiwa nimfunge, nikakataa mimi. Suruali ni juu yangu. Naomba mnisamehe, na msimwadhibu mtoto kwa kosa langu."

Nikakaa. (Mama Neema anasema ndiyo hotuba yangu fupi kuliko zote tangu tuoane.)

Shangazi akaurudisha mkoba wake chini. Halafu akasema, "Hayo ungeyasema getini, tungekuwa tumeshakula," akaketi. Mzee Luhende akakohoa, akajifunga kitenge vizuri, akatoa posa yote kuanzia salamu mpaka mwisho akiwa ndani ya tausi, kwa heshima ambayo wengine hawaipati hata wakivaa suti. Neema alipoulizwa kama amekubali, alijibu kabla swali halijaisha.

Jioni nilimpigia Masanja nimkemee.

"Masanja, mbwa wako amechana suruali ya mshenga."

"Pole sana, Mwalimu. Lakini mimi yule nilishakuachia. Nikirudi hata hanisalimii."

Basi wenye nyumba wenzangu, kama hutaki mbwa, kataa mbele ya mpangaji, ukimtazama usoni. Ukimkubali, andika, mchanje, mfunge siku ya wageni, na mkubaliane mapema nani atajibu likitokea la kutokea. Kumkubali kwa jicho moja na kumkataa kwa lingine hakukuondolei mzigo, kunakuongezea uongo wa kuubeba. Nami nimeapa kwamba mgeni akiumizwa na chochote kilichomo ndani ya geti langu, neno la kwanza kutoka mdomoni mwangu litakuwa samahani, na maelezo nitampa akiyaomba.