Mama Aliyeomba Kuuona Uso

Mimi shule niliachia darasa la nne, kule milimani Kivu ya Kusini, kwa hiyo nikiandika ovyo mnivumilie. Buffalo, huku Marekani, nilikuwa na kazi moja, kuendesha basi dogo la kuwapeleka watu wetu wa mtaa wa East Side kazini kwenye maghala. Hita yake ilipuliza mbele tu, abiria wa nyuma walikuwa wanakufa kwa baridi. Bon, hiyo tuiache.

Mwaka 2015 akanitafuta binti mmoja Mkenya, aliyekuja huku kusomea mambo ya filamu. Alikuwa anatengeneza filamu ya maisha ya kweli, kuhusu wanawake waliozaliwa wavulana, ambao wanajiuza barabarani ili wale. Buffalo alikuwa na mmoja, Columbus mmoja, Louisville mmoja. Yule wa Louisville alikuwa wetu, Mkongomani wa milimani kama mimi. Ndiyo maana Mkenya akataka dereva wa kwetu, yule mtoto wetu asiogope.

Sisemi uongo, siku ya kwanza kule Louisville sikujua niangalie wapi. Yule mtoto akacheka. "Mzee, niangalie tu, siumi. Na kama ni bei, wazee nawapunguzia." Nilicheka mpaka chai ikanipitia puani. Alitupikia sombe siku hiyo, majani ya muhogo ya kwetu, akatukaripia kwamba tunakula kama wagonjwa.

Kamera ilipowashwa alitoa sharti moja: uso wake ufichwe, watu wetu wasiuone, hata akifa. Mkenya akaapa. Kwenye filamu utaona mabega na mikono tu, kichwa kimekuwa kama moshi.

Majira ya baridi yakaja, wakamkuta amekufa kwenye chumba cha moteli. Mteja alimuua. Polisi walisema wanachunguza, na mpaka leo wanachunguza.

Matanga yalifanyika Columbus, kwa mama yake. Kwetu lazima picha kubwa ya marehemu ikae mbele, watu wamlilie mtu wanayemwona. Wazee wa kanisa wakaweka ile ya kambini, ya kuandikishwa ukimbizi: kijana wa miaka kumi na tano, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Na mtu amekufa anakaribia thelathini! Wakaimba, wakamlilia yule kijana. Donc, kwa hiyo yule tuliyemjua sisi hakuliliwa na yeyote. Nilikaa nyuma naona haya, sijui kwa niaba ya nani.

Tulipotoka, mama akatufuata mpaka kwenye gari. Alikuwa amesikia kwamba Mkenya ana picha za mtoto wake.

"Binti yangu, nionyeshe mtoto wangu. Yule wa ukutani ni wa zamani. Nataka wa juzi."

"Mama, niliapa. Alisema watu wetu wasimwone."

"Mimi ni watu? Nimemzaa, halafu mimi ni watu?"

Mkenya akaanza kulia. "Nilimuuliza, mama. Nikamwambia, hata mama yako? Akasema, hasa mama."

Watoto walikuwa wanateleza kwenye barafu ya maegesho, wanagombana kwa Kiingereza chao. Mwishowe mama akasema, "Basi niwekee hapo aliposema. Nisikie mwenyewe."

Mkenya akaingia garini, akafungua kompyuta yake, akageuza kioo kielekee dirisha la upande wa pili, mama asikione, akaongeza sauti. Nadhani mama alijiandaa kusikia neno la kumchoma, maana alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. Tukamsikia mtoto:

"Hasa mama. Akiliona hili kovu atataka kujua nani amenikata, halafu hatalala tena."

Mama akauliza, "Liko wapi?"

Mkenya akaniangalia. Yeye alikuwa na kiapo. Mimi sikuapa chochote. Nikaweka kidole chini ya jicho langu la kushoto, nikakishusha polepole mpaka pembe ya mdomo. Mama akauondoa mkono wangu, akapitisha kidole chake mwenyewe palepale kwenye shavu langu, akarudia tena. Kilikuwa kinanuka vitunguu vya jikoni.

"Ni refu," akasema. Akajifuta macho kwa kitenge. "Bon. Turudi ndani, watatuuliza."