Fromaji ya Kuyeyusha

Mwaka ule tulikuwa tunakula chakula cha jioni saa kumi na moja, jua likiwa bado juu ya mabati ya Kimemi, mtaa wetu. Giza likiingia, kila moto ulipaswa kuwa umezimwa. Nyumba yenye mwanga iliwaita askari, na askari hawakuondoka mikono mitupu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumbani tulikuwa sita: Papa, Mama, wadogo zangu mapacha wa miaka sita, mimi, na mama mudogo, yaani mdogo wake Mama, aliyekuwa amekimbia kutoka Beni. Huko Beni alikuwa mpishi wa masista wa Ulaya. Walimfundisha chakula walichokula siku za furaha: fromaji, yaani jibini, inayeyushwa kwenye sufuria, watu wanaizunguka na kuchovya vipande vya mkate, wote pamoja. Waliita fondi. Vita vilipofika masista waliondoka, naye akaja kwetu na vitenge viwili na ujuzi huo.

Papa alikuwa dereva wa lori. Siku moja alirudi kutoka milima ya Lubero na fromaji nzima, ya duara, aliyopewa na mfugaji aliyemsafirishia mke mgonjwa. Mama alitaka tuikate kidogo kidogo, itufikishe mwisho wa mwezi. Mama mudogo akakataa.

"Dada, hawa batoto hawajacheka tangu masasi ya kule marshe. Uniachie leo tu."

Ni kweli. Tangu siku ile watu walipopigwa risasi sokoni, mapacha walikuwa wakisikia mlango unagongwa wanaingia chini ya kitanda bila kuambiwa.

Mama akakubali, ila akafunga madirisha na kushusha mapazia yote, majirani wasione. Tukaleta jiko la makaa katikati ya sebule. Mama mudogo akasugua kitunguu saumu ndani ya sufuria, akamimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mahali pa divai ya masista. Ilipoanza kutoa mvuke akatia fromaji iliyokwanguliwa, konzi moja baada ya nyingine, na unga kidogo wa muhogo ili isikatike. Alikoroga bila kupumzika. Uma hatukuwa nazo za kutosha, kwa hiyo Papa aling'oa vijiti vya chuma kwenye gurudumu la baiskeli mbovu, akavichoma motoni na kuvisugua kwa majivu.

Sheria ilikuwa moja: mkate wako ukidondoka ndani ya sufuria, unaimba. Mama ndiye aliyedondosha wa kwanza. Mapacha wakaruka, wakapiga makofi: "Aimbe! Aimbe!" Mama akaimba, sote tukaitikia, Papa naye akipiga goti kwa kiganja. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yetu iliwahi kuwa na kelele za namna hiyo.

Ndiyo maana hatukusikia buti uani.

Mlango ulipigwa teke mara moja tu, ukafunguka. Waliingia watatu. Aliyetangulia alikuwa mkubwa wao, macho mekundu, bunduki mbele. Aliangalia mapazia, akaangalia vyuma mikononi mwetu, kisha kile kitu cha njano kilichokuwa kinatokota. Akarudi nyuma hatua moja. Nikaona kitu kilichonitisha kuliko bunduki: alikuwa anaogopa.

"Munapika dawa," alisema. "Dawa ya bale batu ba pori."

Wakati ule kila mtu alijua kwamba wapiganaji wa msituni walinyunyiziwa dawa ili risasi isiwaingie. Kwa kushukiwa tu kwamba unaipika, mtu alichukuliwa asionekane tena.

"Hapana, chef," Papa alisema. "Ni chakula ya batoto. Ni fromage."

"Fromage inachemka? Na munaimba?" Akamwelekezea Papa bunduki kifuani. "Kunywa."

Papa akachota kwa kikombe, akanywa. Ilikuwa ya moto sana. Niliona machozi yakimtoka, lakini alimeza yote.

"Sasa tutajaribu. Kama ni dawa, risasi haitakuingia."

Papa akajibu polepole, ulimi umeungua: "Itaniingia, chef. Nitakufa mbele ya batoto. Ni chakula tu."

Mmoja wa mapacha alikuwa amejikojolea. Nilihisi joto lake mguuni pangu. Mama mudogo alipiga magoti.

Askari wa tatu, mzee kidogo, mwenye mvi kwenye ndevu, akasogea. Akainama, akanusa, akachovya kidole pembeni na kulamba.

"Chef, nilitumika ku ferme ya ng'ombe miaka mingi. Hii ni fromage kabisa." Akachukua mkate mezani, akachovya, akala mbele ya wote.

Mkubwa wake akamtazama mpaka alipomeza. Kisha, taratibu, akashusha bunduki na kuketi kwenye kiti cha Papa. Walikula sufuria yote, sisi tukiwa tumesimama ukutani. Walipoondoka walichukua redio na viatu vya Papa. Yule mzee alitoka wa mwisho, akavuta ule mlango uliovunjika, kama mtu anayetoka kwa ndugu zake.

Kwa siku nne Papa alikunywa uji baridi tu, haongei. Mama mudogo alijilaumu mpaka akataka kurudi Beni. Mama akauficha mzigo wake.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Papa alikuwa anawaza nini bunduki ilipokuwa kifuani.

"Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia mufunge macho," alisema, "bila yule askari kusikia."