Mkamwana Asiyekaribisha Chakula

Saa mbili asubuhi, jua limeshakolea katika kijiji cha Ha Vinh, kaskazini mwa Vietnam. Bi Nhan, mwenye umri wa miaka 63, anamwaga uji wa mchele juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye sufuria inayofoka mvuke, anausambaza kwa kata, anafunika. Kufumba na kufumbua, chapati nyembamba imeiva. Mkamwana wake, Diem, anaipokea kwa kijiti na kuitandaza kwenye chanja ya mianzi ikauke.

"Vuta polepole wewe, si mkia wa ng'ombe huo!"

"Jana si ulisema naibembeleza, Mama?" anajibu Diem, na wote wawili wanaangua kicheko.

Mwaka jana hawakuwa wakicheka hivi.

Nyumbani kwa Bi Nhan, mdogo hagusi vijiti vyake vya kulia kabla hajawakaribisha wakubwa kwa mdomo, mmoja mmoja. Diem ametoka kusini, na kwao watu wakishaketi, wanakula. Siku yake ya kwanza aliketi mkekani, akachukua bakuli lake, akala.

"Wali ulinikwama hapa," anasema Bi Nhan, akishika koo. "Nikajua huyu hana adabu. Sikumwambia kitu, nilinuna tu. Na mimi nikinuna, hata kuku wanajua!"

Jirani yake, Bi Tho, alizidi kuchochea. "Shoga, umeletewa mkamwana au mpangaji?"

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Diem hakujua kosa lake, alijua tu kwamba hapendwi. Akamwomba mumewe, Luan, warudi kusini. Luan ndiye mtoto pekee wa Bi Nhan. Wakiondoka, jiko la chapati alilorithi mama huyu kwa mavyaa wake lingezimika, naye angebaki peke yake. Alisikia wakipanga safari, lakini kiburi kikamfunga mdomo.

Mchana mmoja wakiwa wamezunguka sinia, mvua ilishuka ghafla, na chapati zote ziko uani. Magoti ya Bi Nhan hayakimbii tena. Kabla hajainuka, Diem alishaliweka bakuli chini na kutoka peku, Luan nyuma yake, wakiokoa chanja moja baada ya nyingine.

Diem alirudi ameloa chapachapa. Akaketi, akachagua mnofu mnono wa samaki, akauweka kwenye bakuli la mavyaa wake, kama alivyofanya kila siku tangu aje.

"Siku zote hizo alikuwa akinikaribisha kwa mkono," anasema Bi Nhan, machozi yakimlengalenga. "Mimi nimekaa nangoja mdomo. Niliona haya, mwenzangu."

Mkubwa kuanza kumkaribisha mdogo lilikuwa jambo ambalo halijapata kuonekana katika nyumba ile. Bi Nhan aliweka vijiti chini.

"Diem, mwanangu," akasema, "karibu chakula."

Safari ya kusini haikutajwa tena.

Sasa Diem ni mjamzito, na mwaka mpya ukipita Bi Nhan atamkabidhi kata. Yeye atakaa kivulini, alee mjukuu.

"Nitamfundisha anikaribishe kwa mdomo," anasema. "Mama yake amfundishe kuniwekea samaki. Mimi hapo nina hasara gani?"