Nilikwenda Kigali na Ini la Mbuzi

Nilikwenda Kigali kwa sababu ya ini la mbuzi. Najua linavyosikika, na hata mama yangu alinitazama mara mbili nilipomwambia. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya mifugo Mwanza, na kwa miaka miwili nilikuwa nahangaika na homoni moja ndogo sana, ile inayotengenezwa chini ya ubongo na kushusha maziwa kwenye kiwele. Tulitaka kujua kwa nini mbuzi wengine wanawakataa watoto wao. Nilipima ubongo, nikaipata. Siku moja, kwa udadisi tu, nikapima na ini. Humo nikakuta homoni nyingi kuliko kwenye ubongo wenyewe.

Sikulala. Hakuna mtu niliyemjua aliyewahi kusikia habari ya homoni hiyo kujaa kwenye ini. Mkuu wa maabara alifurahi kuliko mimi, akaniweka wa kwanza katika orodha ya wanaowania nafasi moja ya masomo ya udaktari wa falsafa. Alitoa sharti moja: maabara nyingine ione nilichoona. Alikuwa na marafiki Kigali, watu waliozoea kupima homoni za aina hii. “Nenda wakuthibitishie,” alisema, “kisha Ijumaa ya wiki ijayo utasimama mbele ya kamati.” Nafasi ile niliitaka kweli. Nilikuwa nimeiomba mara mbili na kuikosa mara mbili.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu, basi liliondoka Mwanza. Boksi langu la barafu nililipakata kama mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na vipande vya ubongo na ini vya mbuzi sita, vikiwa vimegandishwa, kila kimoja na namba yake. Kahama tulisimama watu wakanywa chai. Mimi sikushuka, nilibaki nikiligusa boksi kuona kama bado ni baridi.

Rusumo, mpakani, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Ofisa wa upande wa Rwanda aliliangalia boksi kwa muda mrefu kuliko pasi yangu.

“Hii iko nini ndani?”

“Ubongo na ini la mbuzi, afande.”

“Ya kukula?”

“Ya kupima. Kibali hiki hapa.”

Alikisoma chote, na nyuma pia ambako hakukuwa na kitu. “None se, mbuzi ya hapa haina maini?” aliuliza, na mwenzake akacheka hadi akavua kofia. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza barafu. Wakanigongea muhuri, nikarudisha saa yangu nyuma saa nzima, tukaendelea.

Kigali tuliingia giza likianza, ndege ikishuka upande wa Kanombe. Stendi ya Nyabugogo alikuwa ananisubiri mwenyeji wangu, Mzee Faustin, mtu mwembamba wa makamo ambaye ameshika kazi ya maabara ile tangu nikiwa shule ya msingi. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alipokea boksi kwanza, akalifungua kidogo, akagusa barafu, akasema “Ni sawa,” ndipo akanipa mkono. Nilimpenda hapo hapo. Tulipitia Kicukiro, tukaweka vipande vyangu kwenye friza ya maabara, kisha akanipeleka kwake Nyakabanda, ambako mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameniandalia chumba na sahani ya isombe, kisamvu chao.

Jumanne, saa mbili asubuhi, tulianza kazi, na ndani ya nusu saa tukakosana. Mzee Faustin aliweka sufuria ya maji kwenye jiko la umeme. Maji yalipochemka akachukua kichupa chenye asidi ileile ya siki, ila nyepesi, akakizamisha humo kipate moto, kisha akanyoosha mkono achukue kipande cha ini langu.

“Mzee, unafanya nini?”

“Nachemusha.”

“Utaiua homoni yote!”

Ninyi mnaosoma lazima mnielewe. Kabla ya homoni nilikuwa mtu wa chanjo za ng'ombe kwa miaka tisa, na katika chanjo joto ndilo adui. Chupa ikipata jua robo saa umepoteza kazi ya kijiji kizima. Mazoea yale niliingia nayo kwenye homoni: kila kitu nilikisaga juu ya barafu, nikakipima kikiwa baridi, na nilijivunia hivyo.

Mzee Faustin alizima jiko akavuta kiti. “Dada Winfrida, chanjo iko kitu kikubwa. Ukiipika inaharibika kama yai. Hii homoni iko kadogo tu, mnyororo wa vipande tisa. Haiogopi moto. Ile yenye kuogopa moto ni ingine.”

“Ipi?”

“Ile yenye kuikula.”

Nilijua anachosema, nimekisoma chuoni: vimeng'enya, vile vinavyokatakata protini, ambavyo haviachi kazi mnyama akifa. Lakini sikuona vinahusiana vipi na matokeo yangu. Kama vingekuwa vinaila homoni, si ningepata kidogo? Mimi nilipata nyingi. Nilimwambia hivyo, na kwa sauti ambayo leo sijivunii.

Akachukua kalamu akachora viti vitatu nyuma ya bahasha. Kipimo chetu, alinieleza, ni kugombea viti. Kwenye vishimo vya sahani ya plastiki kumebandikwa kingamwili chache, hizo ndizo viti. Unaingiza homoni ya mbuzi pamoja na homoni ya dukani iliyofungwa alama ya kuleta rangi. Mbuzi akiwa na nyingi, yake inakalia viti vyote, yenye rangi inabaki nje, na kishimo kinakuwa cheupe. Cheupe maana yake homoni nyingi. Yote hayo nilikuwa nayajua.

“Sasa ini yako iko na wenye kukula,” alisema. “Wamekula homoni ya rangi mlangoni, haijaingia. Kishimo kitakuwa namna gani?”

Kingekuwa cheupe. Viti vingekuwa vitupu, na mimi ningeandika kwamba vimekaliwa.

Nilikuwa na jibu moja limebaki, nikalishika kwa mikono miwili. “Na wewe ukichemsha usipate kitu, nitajuaje kwamba hukuichemsha ikaisha?”

“Buriya hiyo ni swali mzuri,” alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. “Tutaitega.”

Ini moja tulilikata vipande vitatu. Cha kwanza nilikitengeneza mwenyewe kwa njia yangu, juu ya barafu. Cha pili alikichemsha yeye. Cha tatu tukakitilia homoni safi ya dukani, kiasi tunachokijua, ndipo tukakichemsha. Kama moto unaiua, hicho nacho kingetoka bila kitu. Ubongo tukaufanyia vivyo hivyo, na mbuzi wote sita.

Jumatano, saa tisa alasiri, tulitia dawa ya rangi na kusubiri. Nilisimama kwenye sahani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na kwa kweli ulikuwa mtihani. Ini langu la baridi lilibaki jeupe, homoni tele, kama siku zote. La pili, lililochemshwa, likapanda njano iliyokolea, sawasawa na kishimo tulichokitilia maji matupu. Nikahamia la tatu haraka. Lilikuwa jeupe. Homoni tuliyoitia ilikuwa imepita kwenye moto na ilikuwepo yote.

Niliangalia mbuzi wa pili, wa tatu, hadi wa sita. Ini halikuwa na kitu. Ubongo ulikuwa nayo, kidogo kuliko nilivyozoea kuandika, lakini ilikuwepo kila mara. Mzee Faustin alinisogezea kiti nikakaa. Sioni haya kusema nililia. Hakuniambia ninyamaze. Alienda kuosha sufuria.

Alhamisi nilimpigia mkuu wangu nikiwa kwenye basi, karibu na Kayonza. Nikamweleza tulichokiona. “Una uhakika?” aliuliza. Nikamwambia nina uhakika kuliko nilivyokuwa nao wakati wowote. “Kamati wanasubiri habari ya ini,” alisema. Nikamwambia habari ya ini ninayo.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya watu saba, nikawaonyesha sahani zote, pamoja na zile nyeupe nilizojivunia. Nikawaeleza nilivyokosea, na kwamba kilichonipotosha ni umakini wangu mwenyewe wa kulinda baridi. Mmoja wao, daktari mama mzee, alivua miwani. “Bila safari hii, ungeligunduaje kosa?”

“Nisingeligundua,” nilijibu. “Leo ningekuwa hapa nawaeleza kuhusu ini.”

Nafasi alipewa mwenzangu. Iliniuma, na bado inaniuma ninapomwona akibeba vitabu vyake. Maabara yetu sasa ina sufuria, na kila anayekuja kujifunza kwangu namwanzisha kwa kupima kitu ninachojua hakina homoni. Lakini kitabu changu cha kumbukumbu za kazi kilikuwa na mstari mmoja, “ini lina nyingi kuliko ubongo,” niliokuwa nimeuandika kwa wino mwekundu na kuupigia mistari miwili chini. Niliukata kwa mkono wangu, nikaandika upya, nikaweka tarehe na sahihi: ini halina.