Maji Maangavu ya Khadidja

Khadidja alianza kupenda samaki siku walipoingia nyumbani kwake bila kualikwa. Wakati huo aliishi Gatumba, na mwaka ule mto ulifurika mpaka maji yakafika kwenye madirisha. Alirudi kwa mtumbwi kuokoa cherehani yake, akakuta visamaki vyembamba vikipita kati ya rafu za kabati la vyombo, vimetulia, kana kwamba sebule ile ilijengwa kwa ajili yao. Watu nje walimpigia kelele atoke. Yeye alisimama tu, maji kiunoni, anatazama.

Gatumba hakurudi tena. Mdogo wake, Idi, alimpokea mtaani Buyenzi na kumpa kazi katika duka lake la spea. Haikuchukua muda mafundi wakaanza kumwulizia yeye badala ya mwenye duka. Fundi akija na kusema, "Nipe pampu ya mafuta, hii imekufa," Khadidja humwuliza kwanza: gari lilianza kukohoa lini? Likiwa la moto au la baridi? Ulibadilisha nini kabla ya hapo? Mara nyingi fundi aliondoka na kichujio tu, na kesho yake akarudi anacheka.

Tangi la kioo alilipata kwa Jovithe, mteja wa siku nyingi aliyekuwa anavua samaki wa mapambo ziwani, wale wanaopelekwa ng'ambo. Alimletea na samaki kumi na wawili, kila mmoja kama kidole cha mwisho, wa aina inayoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Khadidja aliliweka juu ya kaunta, karibu na mikanda ya feni. Mtu akigonga kaunta, samaki wote walitoweka kombeni; halafu macho yakaanza kuchungulia, moja moja. Wanafunzi waliokuwa wanatoka madrasa walisimama mlangoni kuwaangalia.

Mwezi wa pili wakaanza kufa.

Jambo lililomshangaza ni kwamba tangi lilikuwa safi. Kila Jumapili, siku ya wateja wachache, alitoa nusu ya maji na kuweka mapya ya bomba. Alitoa sifongo ya kichujio cha tangi, akaifua kwa nguvu mpaka ikawa nyeupe, akaianika juani, na jioni akairudisha ikiwa imekauka kabisa. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungesoma gazeti lililo upande wa pili. Na ndani ya maji hayo samaki walipanda juu wakitweta, kisha mmoja akaelea.

"Dada, hii ni jicho ya watu," Idi alisema. "Kila anayepita anasifu."

"Jicho gani linakuja kila Jumatano?"

Khadidja alikuwa ameandika siku za vifo kwenye daftari, na kweli, karibu zote zilikuwa Jumanne au Jumatano.

Alianza na maji ya bomba, kwa sababu yalinuka klorini. Akawa anayateka mapema na kuyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili, mpaka harufu iishe. Jumapili iliyofuata samaki hawakuhangaika tena alipobadilisha maji, akafurahi. Jumatano mmoja akafa. Akashuku rangi inayopulizwa gereji ya jirani, akahamishia tangi chumba cha nyuma na kulifunika. Jumatano tena, mwingine, akalirudisha tangi kaunta. Hakutaka kubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Mafundi wanaofanya hivyo aliwajua, na magari yao pia.

Kisha akaenda harusini Rumonge, akakaa siku nne, na Jumapili hiyo hakuna aliyegusa tangi. Aliporudi alikuta kioo kimeota ukijani na sifongo imekuwa kahawia. Samaki saba waliobaki walikuwa wazima, wanafukuzana. Jumatano ikapita salama. Ikapita na Alhamisi.

"Wachafu wanapona, wasafi wanakufa," alimwambia Idi. "Kwa nini?"

Siku hizo alikuja Christa, mama mmoja wa mtaa wa Kigobe aliyefanya kazi katika maabara ya kupima maji, anatafuta vipangusio vya kioo cha gari lake. Khadidja alimhadithia yote kabla hajamhudumia. Christa alisikiliza, akaandika namba yake ya simu pembeni ya lile daftari.

"Wakianza tena kutweta, unipigie. Nitakuja na dawa ya kupima."

Jumapili iliyofuata Khadidja alifanya jambo ambalo baadaye lilimwuma. Maji hakuyabadilisha, mchanga hakuugusa. Alifua sifongo peke yake, akaianika kama zamani. Alijua anahatarisha samaki, lakini alitaka kujua. Jumanne mchana wote saba walikuwa juu, midomo wazi. Akapiga simu.

Christa alichota maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone, wakasubiri wamesimama pale kwenye kaunta. Maji yakageuka manjano, kisha kijani, kijani iliyokolea kama majani ya mhogo.

"Ni amonia," Christa alisema. "Inatoka kwenye mavi yao na chakula kinachobaki. Haionekani, na kwa maji ya aina hii, yenye magadi kama ya ziwa, inakuwa kali zaidi. Kuna bakteria wanaoibadilisha isiwaue samaki. Unajua wanakaa wapi?"

Khadidja aliitazama sifongo nyeupe nyuma ya kioo. "Mule."

"Mule. We ulikuwa unawaanika kwenye jua."

Khadidja alivuta kiti akakaa. Samaki mkubwa kuliko wote, mwenye mistari ya samawati, alikufa jioni hiyo, na yeye mwenyewe alimtoa kwa mkono. Hakumlaumu mtu.

Kwa wiki mbili alibadilisha maji kidogo kila asubuhi, kwa maji yaliyolala ndooni, na siku tatu za kwanza hakuwapa chakula kabisa. Jovithe alimletea kipande cha sifongo kuukuu kutoka kwenye matangi ya kazini, kimejaa tope, kinanuka. Khadidja alisema Bismillahi akakikamua ndani ya kichujio. Maji yote yakawa kahawia.

"Apana, dada!" Idi alipiga kelele. "Sasa unawaua kwa makusudi."

"Ngoja."

Asubuhi maji yalikuwa yametulia. Christa alipita kila siku baada ya kazi, na kijani kwenye kichupa ikafifia siku baada ya siku, mpaka ikabaki manjano tupu. Samaki sita walikuwa chini, kila mmoja kwenye kombe lake. Tangu hapo Khadidja aliisuuza sifongo mara moja kwa mwezi, ndani ya maji yaliyotoka tangini, bila kuisugua.

Baada ya wiki kadhaa, Idi, ambaye siku hizo alikuwa anachungulia tangi akidhani haonekani, alimwita.

"Dada, njoo. Kuna takataka inatembea."

Khadidja alipiga magoti. Mbele ya kombe moja kulikuwa na vidoa kama punje za ufuta, na kila punje ilikuwa na macho. Alihesabu tisa. Mama yao akatikisa mkia, vyote vikaingia kombeni. Vilipotoka akahesabu upya, vikawa kumi na moja, kisha vikajificha tena.

Alimpigia Jovithe kumwuliza watoto wadogo hivyo wanakula nini. Jovithe alisema hajui, yeye hukamata wakubwa tu. Fundi mmoja alikuwa anasubiri plagi kaunta, naye akaulizwa, akacheka. Khadidja akampa plagi zake, akarudi kupiga magoti mbele ya kioo, daftari mkononi, kuona watoto wakitoka tena wataelekea wapi kutafuta chakula.