Kigitaa Changu Kilivyopigwa Mnada

Harambee ilikuwa ya kuezeka zahanati ya mtaa wetu hapa Tunduma. Sisi watu wazima wanne tukajitolea kutumbuiza kwa ukulele, vigitaa vya nyuzi nne tulivyonunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Tulijua nyimbo mbili, na kusema kweli zilikuwa wimbo mmoja.

Watu walitusikiliza kwa utulivu wa msibani. Mchungaji alifumba macho. Sikujua kama anaomba au anavumilia. Dereva wa lori aliyekwama mpakani siku nne, akaja kupoteza muda, aliona heri arudi kwenye foleni.

Tulipoanza kurudia, mshereheshaji akaninyang'anya kigitaa akakipiga mnada. Kwetu kitu cha mnada wa harambee hakina mwenyewe: ukikinunua unakirudisha, kiuzwe tena, mpaka mifuko ikauke. Jogoo alikuwa ameshanunuliwa mara tano na bado alikuwa mezani, amefungwa miguu, ananitazama kwa huruma.

Kigitaa kikanunuliwa, kikarudishwa. Kikanunuliwa tena, kikarudishwa. Kichwa kikaanza kunivimba: kumbe wanakipenda! Mara mke wangu akainuka kule nyuma, akapandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Akalipa, akakipokea, akakifunga ndani ya kitenge.

"Mama, hukirudishi?" mshereheshaji akauliza.

"Hiki hapana. Mimi ndiye ninayelala nacho nyumba moja."

Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi. Yalikuwa ya kwanza tangu tuanze kutumbuiza.